To be na vihusishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaojifunza Kiingereza

Ukipita mitaani Dar es Salaam utaona ukuta umeandikwa kwa rangi: NYUMBA HII HAIUZWI. Mwambie mwanafunzi aigeuze Kiingereza. Wengi huandika "This house is not sold", na wachache huandika "This house does not sell". Ya kwanza inamaanisha nyumba haijanunuliwa bado, ya pili inamaanisha ipo sokoni ila haipati mteja. Zote mbili zinamwita dalali, na mwenye nyumba alikuwa anamfukuza. Mwingereza angeandika "This house is not for sale". Kitenzi hapo ni "is" tu, na kazi yote imebebwa na "for sale".

Maswali yaliyo hapa chini yanahusu muundo huo: "am, is, are, was, were, be, been", kisha kundi la maneno linaloanza na kihusishi, yaani neno dogo kama "in", "on" au "for". Nimeyakusanya darasani kwa miaka kadhaa. Mengine huulizwa kila muhula, na mengine niliyauliza mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi.

Kirai kihusishi ni kitu gani hasa?

Ni kihusishi pamoja na nomino au kiwakilishi kinachokifuata: "in the kitchen", "on Monday", "with us", "from Tanga", "about money". Kihusishi ndicho kichwa. Kikifuatwa na kiwakilishi, kiwakilishi huchukua umbo la yambwa, yaani mtendwa: "for me", "with him", "between you and me". Usiandike "for I" hata kama linasikika la kistaarabu zaidi. Kikifuatwa na kitenzi, kitenzi huvaa "-ing": "My father is against selling the farm."

Baada ya "to be" kirai hiki si pambo. Ukikiondoa sentensi inabaki imeduwaa: "My mother is…" Ni nini? Ni wapi? Msikilizaji anangoja. Linganisha na "My mother cooks in the kitchen". Humo ukiondoa "in the kitchen", mama bado anapika.

Kiswahili kina yuko, yupo na yumo. Kwa nini Kiingereza kina "is" peke yake?

Hapa ndipo penye mzizi wa makosa mengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mzungumzaji wa Kiswahili akisema "yumo", ameshakwambia kuwa mtu yuko ndani ya kitu. Akisema "yupo", anazungumzia mahali mahususi, panapojulikana. Akisema "yuko", mahali ni pa jumla au pa mbali kidogo. Habari ya mahali imeshonwa kwenye kitenzi chenyewe. Ndiyo maana unaweza kubisha hodi, ukauliza "Mzee yupo?", ukajibiwa "Yupo", na kila mtu akaridhika bila nomino yoyote ya mahali kutajwa.

"Is" ya Kiingereza haina mfuko wa kubebea habari hiyo. Inasema wakati, inasema nafsi, basi. Haitofautishi hata "ni" na "yuko": "She is a nurse" na "She is at the clinic" zote zina "is" ile ile. Mahali pote panabebwa na kihusishi. Ukikosea kitenzi, "She are in the kitchen", utaeleweka na kuchekwa kidogo. Ukikosea kihusishi, umemweka mtu mahali pengine.

Kwa hiyo unapotafsiri usiulize "yumo ni nini kwa Kiingereza". Hakuna neno hilo. Uliza ile "mo" itakwenda wapi. Itakwenda kwenye "in" au "inside": "Chumvi imo" inakuwa "There is salt in it."

Kwa wapenda historia: "am" na "is" zimetoka kwenye mzizi mmoja wa kale, "be" na "been" kwenye mwingine, "was" na "were" kwenye wa tatu. Ndiyo sababu hazifanani hata kidogo. Ni shuka lililounganishwa kwa viraka, na mwanafunzi anayelalamika kuwa halina mpango ana haki yake.

Kiambishi "-ni" ni "in", "on" au "at"?

Ni vyote vitatu, na ndiyo taabu yenyewe. Tena ni "to" na "from" pia: yuko sokoni, anakwenda sokoni, anatoka sokoni. Neno "sokoni" halijabadilika hata herufi. Kitenzi ndicho kilichofanya kazi.

Chukua "baharini". Mvuvi aliyetoka na wenzake tangu jana: "He is at sea." Watoto wanaooga: "They are in the sea." Mashua unazoziona kwa mbali zikielea: "The boats are on the sea", au "on the water". Na hoteli ambayo tangazo lake linasema ipo baharini, kumbe iko kando tu: "The hotel is by the sea." Neno moja la Kiswahili, vihusishi vinne, na kimoja kati yao hakina hata "the".

Chukua "kichwani". Kofia iko kichwani: "on my head". Wimbo umekuganda kichwani: "in my head". Chukua "mtini". Ndege yuko "in the tree", kwa sababu majani yamemzunguka. Embe lililoning'inia liko "on the tree", kwa sababu limeshikamana nao.

Picha inayosaidia ni hii. "In" inaona kitu kina kuta au mipaka, hata ya kufikirika: "in the pocket, in the queue, in Dodoma, in the rain". "On" inaona uso au mstari ambao kitu kimeugusa: "on the wall, on the ceiling, on page 40". "At" haioni umbo lolote, inaona nukta tu kwenye ramani: "at the door, at the bus stop, at the airport".

Ile ya mstari huwasumbua watu. "Mwanza is on Lake Victoria" haimaanishi mji unaelea. Ufuko wa ziwa unahesabiwa kama mstari, na mji umeugusa. Vivyo hivyo "Namanga is on the border between Kenya and Tanzania" na "Mombasa is on the coast".

Picha hii haitakusaidia kila mahali. Kuna nyakati Kiingereza kimeamua tu, na huna la kufanya ila kukariri.

Niko kwenye basi: "in the bus" au "on the bus"?

"On the bus", "on the train", "on the plane", "on the ferry". Lakini "in the car", "in a taxi", "in the lorry". Kanuni ya mtaani: chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, au kinachofuata njia yake na kubeba abiria wengi, kinachukua "on". Chombo unachoingia kwa kuinama na kukaa kinachukua "in". Vya kupanda kwa kutanua miguu, baiskeli na bodaboda, ni "on". Bajaji ni "in".

Mtu aliyekaa ndani ya gari kwenye kivuko cha Kigamboni au Likoni anaweza kusema zote mbili kwa pumzi moja: "We are in the car, and the car is on the ferry."

"In the bus" si kosa la kufungwa. Utaisikia mtu akitaka kusisitiza ndani dhidi ya nje: "It is hot in the bus."

"At school" au "in the school"? "In hospital" au "at the hospital"?

Kuna maneno machache ambayo yakikosa "the" yanazungumzia shughuli, si jengo. "She is in hospital", kwa Kiingereza cha Uingereza, maana yake amelazwa. "She is at the hospital", yupo pale, labda amempelekea mgonjwa uji, labda ni daktari. Wamarekani husema "in the hospital" hata kwa mgonjwa aliyelazwa, kwa hiyo usishangae ukiisikia kwenye filamu.

"He is in prison" amefungwa. "He is at the prison" amekwenda kumwona ndugu yake. Tofauti hii ni ya kuangalia sana ukiwa unaandika habari za mtu mwingine.

"In bed" ni kulala, "on the bed" ni kuwa juu ya kitanda, kama nguo zilizotupwa. "At school, at work, at home, at church, at university" hazina "the". "At the office, at the bank, at the market, at the mosque" zinayo. Kwa nini kanisa lipite bila "the" na msikiti uidai? Mazoea ya watu waliokuwa wakienda huko kila wiki kwa karne nyingi. Mantiki haimo.

Ni "in Zanzibar" au "on Zanzibar"?

Ukiwaza nchi, utawala, watu: "in Zanzibar". Ukiwaza kisiwa, ardhi iliyozungukwa na maji: "on". Kwa hiyo "My aunt is in Zanzibar", lakini "The best cloves are on Pemba", au "on the island of Pemba". Mafia na Lamu kama visiwa huchukua "on". Madagaska ni kisiwa pia, ila ni nchi kubwa, na watu husema "in Madagascar".

Nilisahihishwa nilipoandika "She is in abroad". Kosa liko wapi?

"Abroad" tayari ina mahali ndani yake, kama neno "ughaibuni" lilivyo na "-ni" yake. Ukiongeza "in" umevaa kofia juu ya kofia. Wenzake ni "here, there, upstairs, downstairs, outside, online". "The children are upstairs." "My sister is abroad." Basi.

"Home" ni kigeugeu: "She is at home" na "She is home" zote sawa. Ya pili mara nyingi ina harufu ya mtu aliyewasili, amerudi.

Na "Is she in?" Mbona kihusishi kimeachwa kikining'inia?

Hiyo ndiyo "Yupo?" ya hodi tuliyoizungumza. Nomino haitajwi kwa sababu kila mtu anaijua: nyumbani, au ofisini. "He is out" ametoka. "The lights are on." "The power is off." "The exam is over." "Time is up." Na kwa Waingereza "The milk is off", maziwa yamechacha.

Vitabu vingi vya shule huyaita maneno haya vielezi. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, alipinga mwaka 1924. Kwa maoni yake kitenzi hakiachi kuwa kitenzi kwa kukosa yambwa, kwa hiyo "in" nayo haina sababu ya kubadilishiwa jina kwa kukosa nomino. Mimi niko upande wake, ingawa kwenye mtihani ujibu kama ulivyofundishwa.

Lini niseme "There is a book on the table" na lini "The book is on the table"?

Swali hili Mswahili ana mtaji wa kulijibu kuliko anavyodhani. Sikiliza tofauti ya "Kuna mtu mlangoni" na "Yule mtu yuko mlangoni". Ya kwanza inaleta mtu mpya kwenye mazungumzo. Ya pili inamweka mahali mtu ambaye tayari tunamjua. Kiingereza kina mgawanyo huo huo: "There is someone at the door", na "The man is at the door".

Kwa hiyo ukiwa na kuna, pana au mna kichwani, toa "there is" au "there are". Ukiwa na yuko, kipo, vimo, anza na chenyewe: "The book is…", "My keys are…", "Juma is…"

Makosa ni ya aina tatu. La kwanza ni "A book is on the table". Sarufi haijavunjika lakini sikio linashtuka, kwa sababu "a" inasema kitu ni kipya na nafasi ya mwanzo inasema ni cha zamani. La pili ni "It is a book on the table", ambapo "it" imekalia kiti cha "there". La tatu ni "There is my father in the sitting room". Baba yako si habari mpya, sema "My father is in the sitting room".

Kitenzi kinafuata nomino inayokuja baadaye: "There are two glasses on the shelf." Waingereza wenyewe wakizungumza haraka husema "There's two glasses". Wewe usiandike hivyo.

Mpangilio wa kugeuza, "On the wall is a portrait", upo pia, nao una ndugu yake: "Ukutani pana picha." Ni wa maandishi na masimulizi. Ukiutumia kumweleza fundi bomba mahali penye bomba, atakutazama.

Natoka Tanga. "I am from Tanga" au "I am coming from Tanga"?

"I am from Tanga" ni kwenu. "I come from Tanga" ni hivyo hivyo. "I am coming from Tanga" maana yake upo safarini sasa hivi na umeanzia Tanga. "Natoka" ya Kiswahili inabeba zote, ndiyo maana tunateleza. Kwenye dawati la uhamiaji tofauti hii ina uzito: "Where are you from?" ni uraia au asili, "Where are you coming from?" ni ndege iliyokuleta.

Niko na gari, niko na njaa. Naweza kusema "I am with"?

Hapana. Hasa wasomaji wa Kenya, ambako "niko na" ni ya kila siku. "I am with my mother" maana yake mko pamoja. Gari ni "I have a car".

Lakini swali hili linaficha jambo zuri. Tazama "nina" moja inavyogawanyika ikivuka mpaka. Nina homa: "I have a fever." Nina njaa: "I am hungry." Nina miaka 20: "I am 20", bila "with", bila "of the age". Nina haraka: "I am in a hurry." Nina deni: "I am in debt." Ana maumivu: "She is in pain." Ana matatizo: "He is in trouble." Ana zamu leo: "He is on duty today."

Kiswahili kinasema mtu ana hali. Kiingereza, mara nyingi, kinasema mtu yumo ndani ya hali, kama aliyetumbukia kisimani. Deni, hatari, mapenzi, majonzi: "in debt, in danger, in love, in mourning". Ukishaliona hilo, nusu ya misemo ya "be in" haihitaji kukaririwa tena.

Je, kuna vitenzi vya Kiswahili vinavyogeuka kuwa "be" na kihusishi?

Vingi. Na hili ndilo ambalo ningependa mwanafunzi alishike hata akisahau mengine yote kwenye ukurasa huu. Kiswahili hupenda kuweka tukio kwenye kitenzi. Kiingereza huliweka kwenye nomino, kikaitangulizia kihusishi, kikaiacha "be" ishughulikie wakati.

Wafanyakazi wamegoma: "The workers are on strike." Nyumba inaungua: "The house is on fire." Barabara inajengwa: "The road is under construction." Amekamatwa: "He is under arrest." Lifti imeharibika: "The lift is out of order." Sukari imeisha dukani: "Sugar is out of stock." Tunahema: "We are out of breath." Nchi mbili zinapigana: "The two countries are at war." Haiuzwi: "It is not for sale." Angalia kuwa nomino hizi karibu zote hazina "a" wala "the". Ukisema "on the strike" au "under the arrest" umeuvunja msemo.

Jozi nyingine hutofautiana kwa neno moja dogo. "For sale" inauzwa. "On sale", hasa Marekani, imeshushwa bei. "On time" ni kwa saa iliyopangwa. "In time" ni kabla hujachelewa. Na kuna jozi ya "njiani". "I am on the way" ni ile ahadi yetu ya "niko njiani", inayotumwa na mtu ambaye bado anatafuta taulo. "I am in the way" ni kukiri kwamba umesimama katikati unawazibia watu njia. Niliwahi kupokea ujumbe wa mgeni wa chakula cha mchana: "Sorry, I am in the way." Nilitamani angekuwepo azibe hata mlango, maana alifika saa kumi.

"I have been to Arusha". Kwa nini "to", wakati hatusemi "I am to Arusha"?

Swali la mtu makini. Hii ni nafasi ambayo "to" ya mwendo inakubaliwa na "to be" kwa maana ya kufika mahali, na ni kwa umbo la "been" tu, baada ya "have, has, had". Maana yake umekwenda na umerudi, au angalau umeshafika huko maishani mwako.

"She has been to Arusha": amewahi kufika, sasa hayupo huko. "She has gone to Arusha": amekwenda, bado hajarudi. "She has been in Arusha for three years": anaishi huko mpaka leo. Ukiandika kwenye barua ya kazi "I have gone to Canada", mwajiri atajiuliza barua imetumwa kutoka wapi.

Mkutano ni Jumatatu saa nne asubuhi. Nitaandikaje?

"The meeting is at ten on Monday morning." Saa huchukua "at", siku "on", mwezi na mwaka "in": "at ten, on Monday, in May, in 2019". Asubuhi ni "in the morning", usiku ni "at night", lakini siku ikitajwa "on" inashinda: "on Monday morning". Kukiwa na "next, last, this, every", kihusishi kinaondoka kabisa: "The wedding is next Friday", si "on next Friday".

Mpangilio: mahali kwanza, kisha wakati, na wakati mdogo kabla ya mkubwa. "The meeting is in the main hall at ten on Monday." Kiswahili kinatanguliza siku, ndiyo maana wengi huanza na "on Monday at four".

Na hiyo "four" ndiyo hatari kuliko kihusishi chochote. Saa nne ya Kiswahili ni "ten". Ongeza au punguza saa sita kabla hujafungua mdomo.

Ninaulizaje na kukanusha?

Bila "do". "Is she at home?" "She is not at home." Anayesema "Does she at home?" amekopa kanuni ya vitenzi vingine. Maneno kama "always, never, often" hukaa baada ya "be": "He is never on time."

Ukiuliza kwa "who, what, where", kihusishi hubaki mwishoni: "Where are you from?" "Who is this parcel for?" "What is the meeting about?" Walimu wa zamani walikataza hilo, wakataka "For whom is this parcel?" Hakuna mtu sokoni anayesema hivyo, hata London.

"What is she like?" Nijibu "She likes rice"?

Ni kosa tamu, lakini hapana. "Like" hapo ni kihusishi, "kama". Unaulizwa yukoje: "She is quiet and very clever." Chakula anachopenda ni "What does she like?" Afya yake ni "How is she?" Na "She is like her mother" maana yake amefanana na mama yake.

Kalamu hii ni ya mimi: "This pen is of me"?

"This pen is mine." "-a" ya umiliki haiwi "of" baada ya "be". "Of" hukaa pale kwa sifa, kwa lugha ya kiofisi: "It is of great importance", "The cloth is of good quality."

Katika "The bag of oranges is on the table", mbona si "are"?

Kwa sababu kilichopo mezani ni mfuko. "Of oranges" ni kirai kihusishi kilicho ndani ya kiima, na nomino iliyo ndani ya kirai haimwamuru "be". Vivyo hivyo "The keys on the table are mine": meza ni moja, funguo ni nyingi, funguo ndizo zinazotawala.

Ameolewa na Juma. "She is married by Juma"?

"She is married to Juma." Ukisema "She was married by Juma", Juma ndiye kadhi, padri au ofisa aliyefungisha ndoa. Hapa kihusishi kinachaguliwa na kivumishi kilichotangulia, si na "be", na kila kivumishi kina chake: "afraid of, good at, interested in, famous for, late for, different from". Jifunze kivumishi na kihusishi chake kwa pamoja, kama unavyojifunza nomino na ngeli yake.

Kwa jibu fupi, naweza kusema "Yes, she's"?

Hapana. "Is she at work?" "Yes, she is." Ufupisho hautaki kuwa wa mwisho. "She's at work" ni sawa, kwa kuwa kirai kimefuata. Kukanusha kunaruhusiwa: "No, she isn't."

Mwenyeji wangu alisema "Dinner is on me". Nini kilikuwa juu yake?

Bili. Atalipa yeye. Akisema "It's up to you", anakuachia uamuzi, bila ile kejeli ya "shauri yako".